Kutoka Mtwara kwenda kuiona senesio ya Kilimanjaro: mwongozo kwa mtu wa pwani

Ukimuuliza mtu wa huku kwetu anayejiandaa kwenda Kilimanjaro anafuata nini, atakwambia kilele. Mimi nilifuata mti. Nafundisha baiolojia sekondari, na kwa miaka mingi kila nilipofika kwenye somo la mimea na mazingira yake nilikuwa nachora ubaoni senesio ya mlimani: shina nene, na juu yake kichwa cha majani kama kabichi. Nilikuwa naichora safi kabisa, shina halina kitu, kama mnazi uliotolewa makuti makavu ili uwanja upendeze. Siku niliyoiona kwa macho ndipo nilipogundua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa naivua nguo mbele ya watoto.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Mtwara au Lindi anayetaka kwenda kuuona mmea huo pale pale unapoota, akae nao siku mbili hivi, kisha arudi mzima. Kilele kipo mita 5,895 na waliokiandikia ni wengi. Senesio inakaa chini ya hapo, na kuifikia hakuhitaji kupanda usiku wa manane huku unatapika.

Jina lake la kitaalamu ni Dendrosenecio kilimanjari. Haioti popote duniani isipokuwa Kilimanjaro. Mlima Meru una ya kwake, Mlima Kenya una za kwake, Elgon na Rwenzori vilevile. Kila mlima na ndugu zake, na bado zote ni ukoo mmoja. Ni ya familia ya alizeti. Hilo la alizeti ndilo watu hawaliamini, kwa hiyo tunaanzia hapo, na tunaanzia nyumbani.

Hatua ya kwanza: pasua ua la mchunga

Kabla hujafikiria koti wala nauli, tafuta mchunga. Ule ule unaoliwa na ugali, unaochemshwa maji yakamwagwa uchungu upungue, ndipo ukatiwa tui. Usinunue fungu sokoni, kwa sababu wauzaji huchuma majani machanga na maua huyakuti. Nenda pembeni ya shamba asubuhi, utafute mche ulioachwa mpaka ukakomaa. Chuma ua moja la manjano. Litatoka utomvu mweupe. Usijifutie kwenye shati, doa lake ni gumu.

Lichane katikati kwa ukucha. Kile ulichokuwa unakiita petali, kivute kimoja kimoja taratibu. Utaona kila kimoja kinatoka na kijimrija chake, chini yake kuna kitu kidogo kama punje ya mchele iliyokonda, na kwenye shingo ya punje hiyo kuna singa nyeupe laini. Hicho si petali. Ni ua zima. Ua la mchunga ni maua mengi madogo yaliyokaa pamoja kwenye kikalio kimoja, kama watu wa msibani kwenye jamvi.

Sasa fanya hivyo hivyo kwa alizeti, kama kuna jirani aliyepanda. Huko utakuta aina mbili: yale ya pembeni yenye ulimi mrefu wa manjano, kazi yake kuita wadudu, na yale ya katikati ambayo kila moja litakuwa mbegu ya kukamua mafuta. Halafu kishonanguo, yale magugu yanayokujaza miiba midogo kwenye suruali ukipita kichakani. Nalo ni la familia hiyo hiyo.

Hatua hii usiiruke. Aliyeshika mchunga mkononi akifika mlimani anaiona senesio kama mtu aliyekutana na shangazi yake ugenini. Asiyeushika anaona kabichi kubwa, anapiga picha, anapita.

Hatua ya pili: pima damu kabla ya kununua tiketi

Hapa nitakaa kidogo, maana waandishi wengi wa mambo ya mlima wanaandika kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, na mwili wetu una habari zake.

Kwanza selimundu, yaani siko seli. Ukiwa na ugonjwa huu, safari hii si yako. Hewa nyembamba huzifanya seli za damu zijikunje zaidi, na hospitali iko mbali na pale utakapokuwa. Kama kwenye ukoo wenu kuna mwenye selimundu na wewe hujawahi kupima, kapime, umwambie daktari unakwenda zaidi ya mita 3,500. Hata mwenye kuibeba tu bila kuumwa anatakiwa aongee na daktari kwanza. Wenye presha, pumu na mimba nao vilevile.

Pili malaria. Mbu akikuuma leo Mtwara, homa inaweza kukuanza baada ya wiki moja au mbili, na wiki hiyo unaweza kuwa tayari uko mlimani. Dalili za kwanza za ugonjwa wa mwinuko ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kukosa hamu ya kula. Zisome tena. Ndizo hizo hizo za malaria. Kwa hiyo lala ndani ya neti wiki mbili kabla ya safari bila kukosa hata usiku mmoja, na ukipata homa ukiwa mlimani mwambie mwongozaji waziwazi kwamba umetoka pwani. Usikubali kuambiwa “ni mlima tu huo” kama mwili unachemka. Iwe malaria au mwinuko, jibu la kwanza ni lile lile: shuka.

Hatua ya tatu: chagua mwezi na njia

Miezi mikavu mlimani ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi, halafu Juni hadi Oktoba. Masika, yaani Machi mpaka Mei, achana nayo. Njia inakuwa matope na mawingu yanakufichia kila kitu. Juni hadi Agosti kunakauka ila baridi ni kali zaidi.

Kwa mtu wa Mtwara mimi nasema Januari au Februari. Hela ya korosho kwa wengi inakuwa imeshaingia, na baridi haijawa ya kutisha. Najua ni wakati wa palizi. Ongea na wa nyumbani mapema, au toa kibarua.

Njia zipo kadhaa. Kwa shabaha yetu mbili zinatosha kuzitaja. Machame ni ya mahema, inakupitisha bonde la Barranco kwenye mita 3,900 na kitu, na pale senesio zimesimama kama msitu. Ni pazuri kuliko pote, lakini inataka siku nyingi na mapafu. Marangu ina mabanda ya kulalia yenye vitanda, na senesio zipo karibu na mabanda ya Horombo, mita 3,720 hivi. Kwa mara ya kwanza chukua Marangu. Mwambie wakala unataka kuishia Horombo: siku ya kwanza geti hadi mabanda ya Mandara, ya pili Mandara hadi Horombo, ya tatu unakaa hapo hapo na kuzungukia senesio, ya nne unashuka. Wakala atakushangaa. Atakwambia “ukishafika Horombo si umalizie tu?” Shikilia lako.

Hairuhusiwi kupanda peke yako. Lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni. Ulizia bei ya Mtanzania, maana ada za hifadhi kwa raia ni tofauti kabisa na za mgeni, na beba kitambulisho cha taifa cha kuthibitisha. Dai maandishi yanayoonyesha kilichomo: kiingilio, malazi ya mabanda, ada ya uokoaji, mwongozaji, wagumu, chakula. Wagumu ndio wabeba mizigo, na jina hilo wamelistahili. Safari yangu ya kwanza nilidanganyika na bei ya chini. Kilichopunguzwa nilikiona getini: mgumu mmoja alikuwa amepangiwa mizigo ya watu wawili, ikabidi tusubiri saa nzima mpaka apatikane mwingine, kwa sababu mizigo inapimwa pale na kilo 20 ndiyo mwisho. Aibu ilikuwa yangu mimi mteja.

Hatua ya nne: zoeza miguu

Huku kwetu hakuna mlima. Uwanda wa Makonde wote haufiki mita 1,000. Ila kuna miteremko, na kinachouma mlimani si kupanda peke yake, ni magoti wakati wa kushuka. Aliye Newala ana bahati: ateremke kule upande wa Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma likiwa mbele yake, halafu arudi juu na begi lenye lita tano za maji mgongoni. Aliye Masasi ana vilima vya mawe. Aliye Mikindani au Lindi mjini atembee kwenye mchanga wa ufukweni maji yakiwa yamekupwa, saa moja na nusu, siku nne kwa wiki, miezi miwili. Mchanga unachosha mashavu ya miguu vizuri tu.

Vaa viatu vile vile utakavyopandia. Kiatu kipya kwenye mlima ni malengelenge.

Hatua ya tano: vaa kama senesio

Fanya hesabu hii. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Mtwara mchana wa Januari ni nyuzi 30. Horombo iko karibu mita 3,700 juu yetu, kwa hiyo toa nyuzi 22. Zimebaki 8, na hapo ni mchana, jua linawaka. Usiku kunashuka mpaka maji kwenye beseni yanashika barafu juu. Kule hakuna majira ya baridi na majira ya joto kama Ulaya. Kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni barafu, mwaka mzima. Senesio imejengwa kwa ajili ya mambo hayo mawili ndani ya saa 24, na wewe ufungashe hivyo hivyo.

Senesio haivai koti moja zito. Majani yake yakifa hayadondoki. Yanabaki yameshikilia shina, yananing'inia, mwaka huu juu ya ya mwaka jana, mpaka shina linakuwa na joho nene la majani makavu yenye hewa katikati. Hewa hiyo ndiyo inayozuia baridi. Nawe nguo tatu nyepesi zilizopandana ni bora kuliko jaketi moja la kishua.

Ya ndani iwe ya kubana, isiwe ya pamba. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, na ukisimama dakika tano inakugeukia. Ya kati iwe sweta la manyoya ya plastiki, yale ya mitumba. Ya nje izuie upepo na mvua. Suruali mbili kwa mpango huo huo, soksi nzito jozi tatu, glavu, kofia ya kufunika masikio. Wanawake wenzangu, chini ya kofia tieni mtandio. Kofia za mlimani zina matundu ya upepo yasiyoonekana mpaka upepo wenyewe uje. Kanga moja beba. Ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo.

Usihangaike kutafuta hivi vitu Mtwara. Majaketi yetu ya mitumba ni yale ya bodaboda wa alfajiri. Fika Moshi, ingia soko la Memorial, utachambua mpaka uchoke. Begi la kulalia na fimbo za kutembelea unakodi. Mimi nilikuja na sweta langu la Newala, lile ninalolivaa Juni nikienda kusimamia mitihani kule juu, nikajiona nimejiandaa. Usiku wa kwanza Mandara mgumu mmoja aliniona nimejikunyata kwenye benchi nje ya banda la chakula, akauliza:

“Mwalimu, hilo ndilo koti?”

“Ndilo.”

“Na la kulalia?”

Nikamwonyesha kanga. Akaenda, akarudi na koti lake mwenyewe, akaniambia, “Vaa, mwalimu. Huku kwetu hatucheki mgeni wa pwani, tunamfunika.”

Hatua ya sita: barabarani

Hii ni fupi. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, Dar hadi Moshi ni zaidi ya 500 nyingine. Usijaribu kuunganisha siku moja. Mabasi ya kusini na ya kaskazini hayashushi wala kupakia mahali pamoja, na foleni ya Dar unaijua. Lala Dar, uamke upya. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe Rufiji mwaka 2003 hatulali tena tukisubiri kivuko, lakini mvua bado zinatusumbua: Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakakwama. Ni sababu nyingine ya kukwepa masika. Acha siku moja ya akiba kila upande.

Moshi mjini haipishani sana na Newala kwa mwinuko, kwa hiyo usidhani umeshaanza kuzoea hewa.

Hatua ya saba: safisha viatu kabla ya geti

Jioni ya kuamkia safari, kaa chini na mswaki wa zamani. Sugua soli, toa udongo wote, chomoa kamba. Kisha geuza soksi na pindo za suruali uzikague chini ya taa. Mimi nilitoa mbegu kumi na moja za kishonanguo, zote za Mtwara, zimeshikilia kwa vijiuma vyao. Hawa ni wa familia ya alizeti pia, na wanasafiri kwa njia ya kukung'ang'ania wewe, wakati senesio mbegu zake zina singa kama za mchunga na zinabebwa na upepo. Mlimani hatuhitaji kupeleka magugu ya shamba la mihogo. Zichome au zitie kwenye pipa la taka.

Hatua ya nane: njiani, jifunze kutofautisha

Siku ya kwanza ni msitu, giza na unyevu, mbega juu ya miti. Usitafute senesio hapo. Mwongozaji atakuwa anakwambia pole pole mpaka utamchoka. Mtii. Kipimo changu ni hiki: kama huwezi kuongea sentensi nzima bila kuhema, unakwenda mbio. Kunywa maji lita tatu kwa siku hata kama kiu huna.

Siku ya pili, ukishatoka msituni juu ya Mandara, miti inafupika na kunafunguka. Hapo utaanza kuona vichaka vyenye maua meupe au ya manjano makavu, yanalia chakacha ukiyagusa, kama karatasi. Waongozaji wanayaita maua yasiyokufa. Helikrisamu hao, nao ni familia ya alizeti. Inama ulitazame moja: yale unayoona kama petali ni vijani vikavu vinavyozunguka kikalio, na maua yenyewe yamejibana katikati, madogo kama vichwa vya pini. Umeshapasua mchunga, sasa macho yako yanajua pa kuangalia.

Mbele kidogo utakutana na mtego. Mmea mwingine mkubwa, majani yamejipanga duara chini na nguzo moja imesimama katikati kama gunzi la muhindi. Watu wengi huupiga picha huu wakarudi nyumbani na kusema wameiona senesio. Hiyo ni lobelia, familia nyingine kabisa. Alama zake ni mbili. Maua yake ni ya buluu na yamejificha nyuma ya vijani, na kati ya majani ya chini kuna maji yamesimama. Usiku juu ya maji hayo kunashika barafu, na chipukizi linabaki salama chini. Senesio haiweki maji nje, inayaweka ndani. Na ua la senesio ni manjano.

Hatua ya tisa: mbele ya senesio

Tafuta mabondeni, kwenye vijito. Inapenda miguu yake ipate maji. Ya kwanza utaiona kwa mbali, na kama umekulia huku kwetu utafikiri ni mnazi mfupi uliovaa kabichi kichwani. Zikiwa kundi kwenye ukungu, zinafanana zaidi na kinyago cha mpingo, kile cha ujamaa, watu wamepandana mabegani.

Usifike ukapiga picha ukaondoka. Fanya hivi.

Simama hatua tatu kutoka kwenye shina, uhesabu panda. Senesio inakua wima, kichwa kimoja, mpaka siku inapotoa maua; shada linatoka pale pale kwenye ncha, na likishamaliza, shina haliwezi kuendelea kwenye ncha hiyo, linagawanyika. Kila panda ni kumbukumbu ya maua. Yenye vichwa viwili imechanua angalau mara moja. Yenye mikono kama kinara, hesabu toka chini kwenda juu kwa kufuata mkono mmoja, utapata ilichanua mara ngapi kwenye mkono ule. Haichanui kila mwaka, na inarefuka sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo mti uliokuzidi urefu mara mbili umeshaona mengi kabla hujazaliwa.

Kama una bahati kuna shada. Usitegemee ua kubwa la kupendeza kama alizeti. Ni fimbo ndefu yenye vikalio vingi vidogo vya manjano, vingine vimeinama, na ulimi wa pembeni ni mfupi au haupo kabisa. Sogea uangalie kikalio kimoja: vile vimrija, vimebanana kama abiria wa daladala ya Mikindani. Mchunga.

Halafu shina. Usichomoe jani kavu hata moja, na usitie mkono ndani ya joho lake. Mimi nilimwomba mwongozaji anionyeshe iliyoanguka yenyewe, na tulikuta moja chini ya njia, imeng'oka na maporomoko si siku nyingi, shina limepasuka kwa urefu. Nje majani makavu, unene wa kiganja kizima. Kisha gome kama kizibo cha chupa. Katikati uboho mweupe, laini, umelowa kama sponji ya kuogea. Nilibonyeza kwa kidole, maji yakatoka, na yalikuwa hayajaganda ingawa nyasi pembeni zilikuwa bado na barafu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nafundisha. Asubuhi jua linatoka ghafla na kupiga majani ya juu, nayo yanaanza kupoteza maji mara moja. Ardhi bado imeganda, mizizi haiwezi kunyonya. Bila akiba ndani ya shina, majani yangekauka kila asubuhi huku mti umesimama kwenye maji. Na akiba hiyo isingesalia bila lile joho la majani yaliyokufa, maana uboho ungeganda usiku. Yale niliyokuwa nayaacha kwenye mchoro ndiyo yanayoubakisha mti hai.

Rudi kwenye mti ule ule saa 12 jioni, kabla giza halijaingia. Angalia kichwa. Majani ya juu yameanza kuinuka na kujikunja kuelekea katikati, kufunika chipukizi, kama kiganja kinavyofunga shilingi. Saa 1 asubuhi utayakuta yamefunga, na kadiri jua linavyopanda yanafunguka. Piga picha zote mbili ukiwa umesimama sehemu moja. Weka jiwe la alama kisha ukimaliza ulirudishe. Simu lala nayo ndani ya begi la kulalia, la sivyo baridi itamaliza chaji yote na asubuhi utaishia kusimulia.

Kuhusu moto nitasema mara moja. Majani yale makavu yanawaka kama makuti. Zamani watu walikuwa wakiyakokea moto mlimani. Sasa ni marufuku, na mlima umeshaungua vya kutosha. Oktoba 2020 na Oktoba 2022 moto ulikula eneo kubwa. Mvuta sigara aimalizie Moshi.

Hatua ya kumi: kurudi, na suala la mbegu

Siku ya kushuka kaza kamba za viatu mbele ili vidole visigonge ncha. Bakshishi ya wagumu mpe kila mtu mkononi mwake, usimkabidhi mmoja awagawie.

Kila niliporudi nimeulizwa mbegu. Shangazi yangu Mikindani, mwenye mkono wa kuotesha kitu chochote, alinisema kabisa: “Umekwenda mpaka huko umerudi mikono mitupu, hata kijiti?” Kuchukua mmea au mbegu hifadhini ni kosa. Na hata ingeruhusiwa, senesio haitatoboa huku. Mchana wake wa kawaida ni nyuzi 8 au 10. Usiku wetu wa Mtwara hata uliopoa kabisa una joto kuliko mchana huo. Joho lile lile linaloiokoa na baridi lingekuwa blanketi juani. Shangazi nilimletea pakiti ya zinia kutoka duka la pembejeo Moshi, familia ile ile, akazipanda Machi nyuma ya jiko, zikachanua.

Mimi kilichobadilika ni ubaoni. Sasa nikichora senesio naanza na majani makavu, moja juu ya jingine, kutoka chini kwenda juu, na kichwa nakiweka mwisho. Chaki nzima inaishia kwenye shina.